Kifo cha dawa za kulevya na sheria iliyobadilika: ukate rufaa moja kwa moja au uende kwenye Tume?

Mtu yuko gerezani kwa sababu mwenzake alikufa kwa heroini aliyompa. Miaka inapita, kisha mahakama ya juu kabisa inatamka kwamba sheria iliyotumika kumtia hatiani haikuwa sahihi. Katika England na Wales anabaki na milango miwili. Wa kwanza ni kuiomba Mahakama ya Rufaa kibali cha kukata rufaa nje ya muda. Wa pili ni kupeleka maombi kwenye Tume ya Mapitio ya Kesi za Jinai yenye makao Birmingham, ambayo wengi huitaja kwa herufi zake, CCRC. Marekani mambo ni tofauti, na mlango mmoja uliotegemewa sana na wafungwa wa kesi hizi ulifungwa mwaka 2023.

Tuseme mapema: kinachoamua kesi hizi ni swali ambalo jaji aliliachia juri, yaani wale watu 12 wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Badiliko la sheria peke yake halimtoi mtu gerezani. Ikiwa juri liliulizwa swali lisilo sahihi, na jibu la swali sahihi lingeweza kuwa tofauti kwa ukweli wa kesi yako, una rufaa. Ikiwa juri lilifika palepale kwa njia nyingine, huna, hata kama kila wakili anazungumzia kesi mpya.

Nini kilibadilika, na kwa nani

Kesi inayobeba somo lote hili kwa England na Wales ni Kennedy. Mwaka 1996, katika hosteli, Kennedy alitayarisha heroini kwenye bomba la sindano akamkabidhi mwenzake. Mwenzake akajidunga mwenyewe, na baada ya muda mfupi akafa. Novemba 1997 Kennedy alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kwa kugawa dawa za kulevya. Oktoba 2007 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, lilifuta hatia ya kuua. Liliulizwa ni lini aliyetoa dawa anaweza kuwa na hatia ya kuua bila kukusudia pale ambapo aliyepokea amejidunga kwa hiari yake. Likajibu kwamba, kwa mtu mzima anayejua anachofanya na mwenye uwezo wa kujiamulia, kamwe.

Sababu yake ni rahisi kuifuata. Aina hii ya kuua bila kukusudia inahitaji kitendo haramu cha mshtakiwa ambacho ndicho kilichosababisha kifo. Kugawa heroini ni kosa, lakini kugawa peke yake hakumuui mtu. Kujidunga ndiko kulikoua, na aliyejidunga ni marehemu kwa uamuzi wake mwenyewe. Uamuzi huo huru unakata mnyororo wa sababu kati ya aliyegawa na kifo.

Sasa tazama mipaka ya uamuzi huo, maana maombi mengi hufa mipakani. Aliyeshika bomba na kumdunga mwenzake kwa mkono wake bado ana hatia; kesi ya Cato ya miaka ya 1970 haikuguswa. Aliyemfunga mwenzake mkanda mkononi huku mwenyewe akijidunga ni hadithi nyingine: mwaka 2003, katika Rogers, Mahakama ya Rufaa ilisema huyo alishiriki katika kudunga, na Malodi katika Kennedy wakasema Rogers iliamuliwa vibaya. Kwa hiyo tofauti kati ya kushika mkanda na kusukuma bomba inaweza kuwa tofauti kati ya uhuru na kifungo. Isome ripoti ya ushahidi wa nani aligusa nini, mstari kwa mstari.

Mpaka wa pili ni marehemu mwenyewe. Kennedy inamhusu mtu mzima mwenye ufahamu. Marehemu akiwa mtoto, amedanganywa kuhusu dawa anayopewa, au hakuwa na uwezo wa kuamua, hoja inadhoofika. Kesi ya Rebelo, iliyohusu kemikali ya kupunguza unene iitwayo DNP iliyouzwa mtandaoni, ilionyesha jinsi hali ya kisaikolojia ya mnunuzi inavyoweza kuwa swali la juri: je, uamuzi wake wa kumeza ulikuwa huru kweli? Juri likiwa limeshajibu swali hilo dhidi ya mshtakiwa, Kennedy haimsaidii.

Mpaka wa tatu ndio unaowaangusha wengi: uzembe mkubwa. Upande wa mashtaka unaweza kuachana kabisa na hoja kwamba dawa ndiyo kitendo kilichoua, ukasema mshtakiwa aliona mwenzake anakufa na hakuita msaada. Katika Evans, mwaka 2009, mwanamke alimpatia mdogo wake wa miaka 16 heroini, akaona dalili za kuzidiwa, akakaa naye bila kuita gari la wagonjwa. Mahakama ya Rufaa ilisema mtu anayechangia kuunda hali iliyogeuka kuwa hatari kwa maisha, naye anajua au anapaswa kujua kwamba ni hatari, ana wajibu wa kuchukua hatua. Hatia ikabaki. Ukitumia Kennedy kupinga hukumu iliyojengwa juu ya Evans, utajibiwa kwa aya moja.

Lakini njia hiyo ya uzembe nayo ina mlango wake, nao ni sababu ya kifo. Katika Broughton, mwaka 2020, mwanamke kijana alikufa kwenye tamasha la muziki baada ya kutumia dawa aina ya 2-CP aliyopewa na mpenzi wake. Mtaalamu alisema kama angepata matibabu kwa wakati alikuwa na nafasi ya asilimia 90 ya kupona. Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia ya kuua: asilimia 90 si uhakika unaotakiwa katika jinai, kwa sababu inabaki nafasi ya kweli kwamba angekufa hata kama msaada ungeitwa. Kumbuka kwamba Broughton haikubadili sheria. Ilitumia kanuni ya zamani kwamba lazima ithibitishwe kuwa marehemu angepona. Jambo hili ni zuri kwa mwombaji: hoja inajengwa kama upungufu wa ushahidi au kosa la maelekezo katika kesi yenyewe, wala hailazimiki kuvaa koti la "sheria imebadilika" na kubeba kizingiti kizito kinachokuja nalo.

Na tahadhari kwa wanaosema "Uingereza" kwa jumla: Uskoti ina sheria yake ya jinai. Katika MacAngus na Kane, mwaka 2009, mahakama ya huko ilikataa kufuata njia ya Kennedy na kusema kwamba kujidunga kwa hiari si lazima kukate mnyororo wa sababu. Mfungwa aliyehukumiwa Glasgow hana faida ya Kennedy, na tume anayoiendea ni ya Uskoti, si ya Birmingham.

Mlango wa kwanza: kibali cha rufaa nje ya muda

Rufaa ya kawaida dhidi ya hatia hufunguliwa ndani ya siku 28 tangu siku ya kutiwa hatiani, kwa fomu iitwayo NG pamoja na sababu za rufaa. Aliye ndani ya siku hizo sheria inapobadilika ana bahati kubwa: anauliza tu kama hatia ni salama. Aliyepitisha muda lazima aombe pia kuongezewa muda, aeleze kila kipindi cha kuchelewa, na avuke kizingiti cha dhuluma kubwa, yaani aonyeshe kwamba kumnyima rufaa kungekuwa dhuluma kubwa.

Kizingiti hicho kilielezwa kwa kina katika Johnson, mwaka 2016, baada ya badiliko la sheria ya ushirika katika uhalifu lililoletwa na kesi ya Jogee. Mambo matatu ya Johnson yanafaa kukaa mezani unapoandika sababu zako. Kwanza, mahakama hutazama zaidi ya yote nguvu ya hoja kwamba badiliko la sheria lingeleta tofauti ya kweli katika kesi hii, na haitoshi kwamba pengine lingeleta. Pili, hutazama kama mwombaji alikuwa na hatia ya kosa jingine, hata dogo zaidi. Tatu, urefu wa muda uliopita si hoja yenyewe: dhuluma ya zamani ni dhuluma.

Jambo hilo la pili lina uzito wa pekee katika kesi za dawa. Karibu kila aliyehukumiwa kwa kifo cha namna hii ana pia hatia ya kugawa dawa, na kugawa dawa ya daraja A, kundi la dawa hatari zaidi kama heroini, kuna adhabu ya juu ya kifungo cha maisha. Hatia ya kuua ikifutwa, hatia ya kugawa inabaki. Kwa hiyo usiandike kana kwamba mfungwa atatoka bila doa. Andika ni adhabu gani angepata kwa kugawa peke yake, linganisha na aliyopewa, na uonyeshe tofauti kwa miaka na miezi. Kennedy alipewa miaka 5 kwa kuua na 3 kwa kugawa, zikienda pamoja. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayoipa neno "dhuluma" mwili.

Fomu hupelekwa kwa Msajili wa Rufaa za Jinai. Jaji mmoja husoma makaratasi peke yake na kutoa au kunyima kibali. Akinyima, mwombaji anaweza kulipeleka ombi mbele ya majaji kamili, kwa muda mfupi ulioandikwa kwenye taarifa ya kunyimwa. Hapo kuna hatari halisi: ombi lisilo na mashiko likisukumwa mbele, mahakama inaweza kuagiza sehemu ya siku alizokaa gerezani tangu aombe zisihesabiwe katika kifungo chake. Inaweza pia kuamuru gharama.

Makosa yanayorudiwa kwenye mlango huu ni haya. Mawakili wapya wanaanza kuandika bila kuwauliza mawakili wa kwanza kilichotokea; tangu kesi ya McCook ya mwaka 2014 mahakama inataka wafanye hivyo kabla ya kuwasilisha, na ombi lisiloonyesha jambo hilo huanza na doa. Familia inaambatisha makala za magazeti badala ya majumuisho ya jaji, yaani maelezo anayolipa juri mwishoni mwa kesi kabla halijaamua. Ushahidi mpya wa mtaalamu wa sumu unaletwa bila kueleza kwa nini haukuletwa kwenye kesi ya kwanza, wakati Sheria ya Rufaa za Jinai ya mwaka 1968, kifungu cha 23, inauliza hilo waziwazi. Na hoja zinakuwa nyingi mno. Hoja moja inayogusa swali la juri inashinda hoja kumi na mbili zinazozunguka.

Mlango wa pili: Tume

Kuomba Tume ni bure na hakuhitaji wakili, ingawa maombi yaliyoandaliwa na mtu anayejua hufika mbali zaidi. Tume ilianza kazi 1997 chini ya Sheria ya Rufaa za Jinai ya 1995. Haifuti hatia, huipeleka kesi Mahakama ya Rufaa. Ili ifanye hivyo lazima ione uwezekano wa kweli kwamba hatia haitasimama, kwa sababu ya hoja au ushahidi ambao haukutolewa kwenye kesi wala kwenye rufaa, na kwa kawaida lazima uwe umeshakata rufaa au kunyimwa kibali. Masharti haya mawili ya mwisho yana nafasi ya kusamehewa kwa hali ya pekee, lakini usijenge mpango wako juu ya msamaha huo.

Nguvu ya Tume ni kuchimba. Inaweza kudai nyaraka kutoka polisi, waendesha mashtaka na hospitali za umma, na tangu 2016 inaweza kuomba amri ya mahakama ili ipate nyaraka za watu na kampuni binafsi pia. Kwa kifo cha dawa, hii inaweza kuwa kila kitu. Fikiria kesi ya uzembe ambapo swali ni kama marehemu angepona. Rekodi ya simu ya dharura yenye saa na dakika, daftari la wahudumu wa gari la wagonjwa, vipimo vya damu vilivyobaki maabara: familia haiwezi kuvipata vyote kwa barua. Tume inaweza. Kama hoja yako inategemea karatasi ambayo hujaiona, mlango wako ni huu.

Kama hoja yako ni ya sheria tupu, mambo hubadilika, na hapa kuna jambo ambalo waombaji wengi hawaambiwi. Zamani Tume ilikuwa njia ya kuzunguka kizingiti cha kuchelewa: kesi ikishapelekwa na Tume haihitaji kibali, kwa hiyo mahakama ilibaki kuuliza tu kama hatia ni salama kwa sheria ya leo. Bunge liliziba pengo hilo. Tangu Julai 2008, kifungu cha 16C cha sheria ya 1968 kinairuhusu Mahakama ya Rufaa kuitupa rufaa iliyopelekwa na Tume ikiwa sababu pekee ya kuikubali ni badiliko la sheria, na kama mwombaji mwenyewe angeomba muda wa ziada angenyimwa. Maana yake ni kwamba kwa hoja ya sheria peke yake milango yote miwili inaishia kwenye kizingiti kilekile. Tume nayo inalijua hilo, na hulipima kabla ya kupeleka kesi.

Kuna ulinzi mmoja unaobaki upande wa Tume: kesi iliyopelekwa nayo haiwezi kusababisha agizo la kupotezewa siku za kifungo. Na kuna kikwazo kimoja: mbele ya mahakama utabishana kwa sababu zilizoandikwa na Tume, na hoja isiyohusiana nazo inahitaji kibali tofauti. Soma taarifa ya sababu zao kwa makini kabla ya siku ya kusikilizwa.

| | Rufaa moja kwa moja | Tume |
|---|---|---|
| Sharti la kuanza | Hakuna, ila muda wa ziada baada ya siku 28 | Kwa kawaida uwe umeshakata rufaa au kunyimwa kibali |
| Anayekusanya ushahidi | Wewe na wakili wako | Tume, kwa nguvu ya sheria |
| Kibali cha mahakama | Kinahitajika | Hakihitajiki kesi ikishapelekwa |
| Hatari ya kupotezewa siku | Ipo | Haipo kwenye kesi iliyopelekwa |
| Kizingiti cha dhuluma kubwa | Kipo | Kipo pia tangu 2008, kama hoja pekee ni badiliko la sheria |
| Inafaa zaidi | Hoja ya sheria iliyo wazi kwenye nyaraka ulizonazo | Rufaa ilishashindwa, au ushahidi uko kwa wengine |

Kennedy mwenyewe alipita milango yote miwili, na safari yake inafundisha. Rufaa yake ya kwanza ilikataliwa 1998, mahakama ikielekea kwenye wazo kwamba kujidunga heroini ni kitendo haramu cha marehemu ambacho Kennedy alikisaidia. Mwaka 2001, katika Dias, mahakama ileile ilikiri kwamba kujidunga si kosa katika sheria ya England. Nguzo ikawa imeanguka, na Tume ikairudisha kesi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikaikataa tena, safari hii ikisema Kennedy na marehemu walitenda kwa pamoja. Kilichomwokoa ni hatua ya tatu: mahakama ilithibitisha kwamba kesi ina swali la sheria lenye umuhimu kwa umma, na swali hilo likapanda kwa Malodi. Leo swali kama hilo hupanda Mahakama ya Juu, na ombi la uthibitisho huo lina muda wa siku 28 tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Uthibitisho ukinyimwa, hakuna pa kwenda juu. Kwa hiyo wakili akishindwa rufaani akakaa kimya wiki tano, amefunga mlango ambao ndio uliofunguka kwa Kennedy.

Waliokiri kosa wana kazi ya ziada. Kukiri peke yake hakuzuii rufaa, lakini mahakama inataka kuona kwamba kwa ukweli ambao mtu alikubali, kosa lile halikuwepo kisheria au alikuwa na utetezi ambao ungefaulu kwa vyovyote vile, na kwamba alikiri kwa ushauri wa sheria usio sahihi. Hati ya maelezo ya msingi wa kukiri, inayoandika ukweli alioukubali, ikiwepo, ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Ikisema "nilimpa bomba, akajidunga mwenyewe", hoja ya Kennedy inasimama vizuri. Ikisema "nilimsaidia kujidunga", jiandae kwa mabishano.

Marekani: swali la kwanza ni kama ombi la kwanza limetumika

Sheria ya shirikisho ya Marekani inafika kwenye kifo kwa njia nyingine. Haisemi kuua. Inasema kwamba aliyegawa dawa za daraja la kwanza au la pili, kama heroini, na kifo kikatokana na matumizi yake, anapata kifungo cha chini kabisa cha miaka 20. Kanuni hiyo iliingia 1986. Hiari ya marehemu haimwokoi mgawaji. Kinachobishaniwa ni sababu ya kifo.

Hapo ndipo kesi ya Burrage ilipobadilisha mambo tarehe 27 Januari 2014. Mshtakiwa aliuza gramu moja ya heroini kwa mtu aliyekuwa ametumia dawa nyingine kadhaa. Wataalamu walisema heroini ilichangia, lakini hawakuweza kusema kwamba bila hiyo angeishi. Juri liliambiwa kuchangia kunatosha. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hakutoshi: lazima ithibitishwe kwamba kama si ile heroini, mtu asingekufa, angalau pale ambapo dawa hiyo peke yake haikutosha kuua. Maneno hayo ya mwisho yana makali. Kama ripoti ya sumu inaonyesha kiwango cha fentanili, dawa kali ya jamii ya heroini, kinachoua chenyewe, Burrage haina msaada. Kama inaonyesha mchanganyiko wa dawa, kila moja katika kiwango cha wastani, na daktari ametumia neno "kuchangia", soma tena kila ukurasa.

Ambaye rufaa yake ya kawaida ilikuwa bado haijaisha sheria ilipobadilika anafaidika moja kwa moja. Kanuni hiyo ipo tangu Griffith ya 1987. Rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 14 baada ya hukumu. Wengine wote wanategemea njia za baadaye, na hapo chaguo ni finyu.

Njia kuu ni ombi la kufuta au kurekebisha hukumu chini ya kifungu cha 2255 cha sheria za shirikisho, kwenye mahakama iliyotoa hukumu. Muda ni mwaka mmoja, na mwaka huo haungoji mtu asikie habari: kwa kesi mpya ya Mahakama ya Juu huhesabiwa kuanzia siku mahakama ilipoitambua haki hiyo, kwa hiyo kwa Burrage uliisha Januari 2015. Aliyechelewa, lakini hajawahi kuleta ombi la kwanza, anaweza kujaribu hoja ya kutokuwa na hatia kwa kweli, iliyokubaliwa katika McQuiggin mwaka 2013 kama njia ya kupita muda. Aliyekwisha kutumia ombi lake la kwanza ana shida kubwa. Ombi la pili linaruhusiwa kwa ushahidi mpya mzito au kanuni mpya ya katiba tu, na Burrage ni tafsiri ya sheria ya bunge, haimo humo.

Wafungwa wengi wa namna hiyo walikuwa wakipita kifungu cha 2241, ombi la kuhoji uhalali wa kufungwa, kwenye wilaya waliyofungiwa, na baadhi ya mahakama za rufaa zikawafungulia. Juni 2023, katika Jones dhidi ya Hendrix, Mahakama ya Juu iliufunga mlango huo kwa wanaodai tafsiri mpya ya sheria. Mwongozo wowote wa kabla ya tarehe hiyo unaopendekeza 2241 kwa Burrage usiufuate.

Kosa dogo lenye gharama kubwa: mfungwa anaandika barua kwa jaji bila jina la kisheria, nayo inachukuliwa kuwa ndilo ombi lake la kwanza la 2255. Jaji anapaswa kumwonya kabla ya kufanya hivyo na kumpa nafasi ya kuiondoa au kuongeza hoja zote. Onyo hilo likifika, liwe jambo la siku hiyo hiyo. Angalia pia makubaliano ya kukiri kosa, kwani mengi huwa na kifungu cha kuachia haki ya kupinga hukumu baadaye.

Kinachobaki kwa waliofungiwa huko kote ni ombi la kupunguziwa kifungo kwa sababu za pekee, ambalo tangu sheria ya 2018 mfungwa analileta mwenyewe siku 30 baada ya mkuu wa gereza kupokea ombi lake, pamoja na msamaha wa rais. Kumbuka kwamba hata Burrage ikifaulu, hatia ya kugawa inabaki. Kinachoondoka ni ile miaka 20 ya lazima.

Ukiwa na faili mkononi

Kwa England na Wales, uamuzi unategemea mambo unayoweza kuyathibitisha ndani ya faili. Hujawahi kukata rufaa, na majumuisho yanaonyesha juri liliambiwa kwamba kumpa mtu dawa akajidunga kunatosha kwa kuua: nenda Mahakama ya Rufaa moja kwa moja, kwa sababu Tume karibu hakika itakuelekeza huko. Ulikata rufaa kabla ya 2007 ukakataliwa kwa hoja ambayo Kennedy imeiua: mahakama haikusikilizi mara ya pili kwa ombi la kawaida, kwa hiyo nenda Tume, ukiambatisha uamuzi wa zamani na kuonyesha aya iliyoanguka. Ulihukumiwa kwa uzembe na ripoti ya mtaalamu inazungumza kwa asilimia au kwa neno "pengine": jenga hoja ya Broughton, na chagua mlango kwa kuangalia kama rekodi za matibabu unazo au ziko kwa wengine. Ulimdunga mwenzako kwa mkono wako: fedha zako ziende kwenye rufaa ya adhabu, kama bado ina nafasi, maana ile ya hatia haina.

Kabla ya yote hayo, andika barua kwa mawakili wa kesi ya kwanza leo. Waombe hati ya mashtaka, maelekezo ya maandishi yaliyogawiwa kwa juri, ushauri wao wa maandishi kuhusu rufaa, ripoti zote za sumu na maelezo ya msingi wa kukiri kama yapo. Ambatisha ruhusa ya mfungwa iliyotiwa saini ya kutoa faili. Ofisi za mawakili huharibu mafaili baada ya miaka kadhaa, na rekodi za sauti za mahakama hazihifadhiwi milele. Majumuisho yakishapotea, hakuna wa kuonyesha juri liliulizwa nini.